"Plunge" kwa Kiswahili: mwongozo kamili wa mtafsiri, kutoka pwani ya Mtwara

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa nitafsiri habari fupi ya Kiingereza ili isomwe redioni. Ilihusu korosho, na kwenye kichwa chake kulikuwa na kitenzi "plunge". Nilikuwa na haraka. Nikafungua kamusi, jicho likatua kwenye "tumbukia", nikaandika: "Bei ya korosho imetumbukia." Ikasomwa hivyo hivyo jioni. Kesho yake, kwenye kibaraza cha kahawa, mzee mmoja mwenye mikorosho yake upande wa Tandahimba alinisubiri niketi, nipokee kikombe, ndipo akauliza: "Mwalimu, hiyo bei imetumbukia wapi? Kama ni kisimani, tutafute kamba tukaiopoe mapema." Kibaraza kizima kikacheka. Nami nikacheka nao, ila kahawa haikushuka vizuri.

Kamusi haikunidanganya. "Tumbukia" ni tafsiri halali ya "plunge". Tatizo ni kwamba Kiingereza kinaridhika kutumia neno hilo moja kwa mvulana anayeruka majini, basi linaloingia korongoni, kisu kinachozama nyamani na bei inayoshuka sokoni. Kiswahili hakiridhiki. Kinataka kujua kwanza kilichoshuka ni kitu gani, kimeishia wapi, na nani alitaka kishuke. Ukiyajibu hayo kabla ya kugusa kamusi, kazi kubwa imekwisha.

Nimewaandikia wanafunzi wa sekondari, waandishi wa habari, wanaoweka maandishi ya Kiswahili chini ya filamu, na walimu wenzangu ambao wanafunzi huwauliza "plunge maana yake nini" wakitegemea jibu la neno moja. Jibu la neno moja halipo.

Kabla ya hatua zote: shika risasi mkononi

"Plunge" liliingia Kiingereza karne ya 14 likitokea Kifaransa cha kale, ambako lilikuwa "plongier". Nyuma yake kuna neno la Kilatini "plumbum", yaani risasi, na hapa nasema risasi ile ya madini. Ndiyo maana kwenye kemia risasi huandikwa Pb, jambo linalowakera wanafunzi kila mwaka kwa sababu jina lake la Kiingereza, "lead", halina P wala B. Picha iliyo nyuma ya kitenzi hicho ni ya baharia anayetupa majini donge la risasi lililofungwa kamba ili apime kina. "Plummet", ndugu wa karibu wa "plunge", awali lilikuwa jina la donge lenyewe. Hata "plumber", fundi bomba, ametoka kwenye ukoo huo, kwa kuwa Warumi walitengeneza mabomba yao kwa risasi.

Mtu wa pwani akisikia habari hiyo haoni ugeni. Baharia wetu alikuwa na bildi ya kupimia kina. Fundi mwashi ana timazi, ile anayoining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Na mvuvi wa mshipi ana chubwi, kile kipande cha risasi kinachoishusha ndoana hadi chini waliko changu. Raha ya neno chubwi ni kwamba ni jina la kifaa na papo hapo ni mlio: kitu kizito kikiingia majini, kinalia chubwi! Ukitaka kumweleza mtoto wa Mikindani "plunge" ni nini, huna haja ya kamusi. Mpe chubwi, mwambie aliachie kwenye maji, asikilize.

Historia hii ina faida moja ya vitendo. Inakukumbusha kwamba "plunge" lina mambo matatu ndani yake: uzito, ghafla na umbali. Jani la mkorosho linaloanguka huku linapepea hali-"plunge". Maji ya kisima yanayopungua taratibu tangu Juni mpaka Oktoba hayafanyi hivyo pia. Mwandishi wa Kiingereza akichagua neno hili amekusudia mshuko wa chubwi, hivyo tafsiri isiyo na uzito wala ghafla imepoteza nusu ya mzigo njiani.

Hatua ya kwanza: kimeishia wapi?

Tumbukia hudai mdomo. Lazima kuwe na kitu chenye uwazi kinachomeza: maji, shimo, kisima, korongo, sufuria, mtego. Nazi ikianguka mchangani, imeanguka au imedondoka. Nazi hiyohiyo ikiingia kisimani, imetumbukia. Kwa hiyo, unapokutana na "plunge" isiyo na mhusika wa hiari, jiulize: "Ndani ya nini?" Sentensi ikikupa jibu, tumbukia hulifaa. "The bus plunged into a river" ni "Basi lilitumbukia mtoni." "The lorry plunged into a ravine" ni "Lori lilitumbukia korongoni." Sentensi isipokuwa na jibu, liache neno hilo. Bei haina kisima, na mzee wangu wa kahawa alikuwa na haki.

Kama kitu kimeshuka kwa kufuata mteremko, au kimekwenda chini pamoja na kilichokishikilia, neno ni poromoka. Udongo huporomoka, ukuta huporomoka, mawe ya kilimani huporomoka. Dondoka ni la vitu vidogo vinavyoachia mahali vilipokuwa vimeshika: tunda, kifungo, tone. Mabibo hudondoka, na ndiyo maana kazi ya shambani msimu wa korosho huitwa kuokota. Pukutika ni la vingi kwa pamoja, kama majani. Hayo mawili ya mwisho karibu kamwe hayatafsiri "plunge", kwa sababu hayana uzito wa risasi. Nayataja kwa kuwa wanafunzi hupenda kuyatumia ili kuonyesha wingi wa msamiati.

Kuna ardhi pia. Kiingereza husema barabara au ukingo wa mlima "plunges", ingawa hakuna kilichosogea hata inchi. Aliyefika Newala akasimama pale Shimo la Mungu anajua maana yake: uko kwenye tambarare ya juu ya Makonde, miti na mashamba, halafu ghafla ardhi inakatika na bonde la Ruvuma liko mbali huko chini ya miguu yako. Ukiandika "ardhi inatumbukia bondeni", msomaji ataona maporomoko yanatokea sasa hivi, akimbie. Andika "ardhi inakatika ghafla", au "inashuka wima hadi bondeni". Kwa barabara, "inateremka kwa mteremko mkali" inatosha. Kule juu hakuna mito wala chemchemi, na zamani akina mama walishuka bondeni kuteka maji na kupanda na ndoo kichwani. Kwao mteremko haukuwa mandhari ya kupigia picha.

Tahadhari kuhusu ndege. Kiingereza kitasema ndege "plunged into the lake", na kwa sheria yangu ya mdomo ungeandika imetumbukia ziwani. Haitakuwa kosa, lakini Kiswahili kina mazoea yake: ndege huanguka. Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoishia ndani ya Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, watu nchi nzima waliambizana "ndege imeanguka", ingawa ilikuwa majini. Mazoea ya wasemaji yakigongana na sheria ya mwalimu, mwalimu apishe.

Na usichanganye tumbukia na zama. Kutumbukia ni kuingia, kuzama ni kwenda chini na kubaki huko. Mtumbwi wa mtu ukipinduka, yeye ametumbukia. Kama anajua kuogelea, hatazama. Kiingereza nacho kinatenganisha hayo mawili, "plunge" na "sink", kwa hiyo hakuna sababu ya sisi kuyaunganisha. Didimia ni jingine kabisa, ni la polepole, la mguu unaoingia kwenye tope la mikoko huku mwenyewe anauangalia.

Hatua ya pili: nani ametaka?

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa sababu ndipo kosa linapoweza kumuumiza mtu.

Nenda pale feri, upande wa kuvukia kwenda Msangamkuu, siku maji yamejaa. Utawaona vijana wanaokimbia na kuruka. Hao wanajitosa. Mmoja anasukumwa na mwenzake kabla hajajiandaa: huyo ametumbukizwa. Mwingine ameteleza kwenye ukingo wenye utelezi: ametumbukia. Wa nne ameingia kichwa kwanza, kapotea, kaibukia mbali: amepiga mbizi. Na kuna yule anayeruka tu kutoka juu hadi chini bila kujali ni maji au mchanga: amechupa. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kuwaandikia wote watano "plunged into the sea" akamaliza. Wewe huwezi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ushahidi mwilini mwake. Hiyo "ji" ndogo inasema alitaka mwenyewe, "-izwa" inasema kuna mkono wa mtu mwingine, na "tumbukia" tupu inasema ni bahati mbaya.

Sasa chukua sentensi hii ya gazeti: "The man plunged from the bridge." Kwa Kiingereza haisemi aliruka, aliteleza au alisukumwa, na mara nyingi mwandishi ameliacha hivyo makusudi kwa kuwa uchunguzi haujaisha. Ukiandika "alijitosa kutoka darajani" umeshasema alijiua. Ukiandika "alisukumwa" umeshamtafuta mshtakiwa. Kilicho salama ni "alianguka kutoka darajani", au "alikutwa chini ya daraja baada ya kuanguka" kama habari yenyewe inaruhusu. Familia itasoma. Polisi nao husoma. Fanya hivi: kabla ya kutia "ji", tafuta kwenye habari ya asili sentensi nyingine inayothibitisha hiari. Kama haipo, "ji" haipo.

Kwenye hadithi na filamu mambo ni mepesi zaidi, maana unaona kinachotokea. Lakini hata huko subiri uone tukio lote. Niliwahi kuona maandishi chini ya filamu yakisema mhusika "ametumbukia baharini" wakati kila mtazamaji anamwona akivua shati, akirudi nyuma hatua tatu, akikimbia.

Katika maana hii ya hiari Kiswahili cha magazeti kimejijengea makao mazuri. Kila uchaguzi ukikaribia utasoma "ajitosa kuwania ubunge", na hakuna anayeuliza alijitosa kwenye maji gani. Kwa hiyo "She plunged into politics" haina shida: "Alijitosa kwenye siasa." Kwa kazi, masomo au mazungumzo, chagua kati ya kujitosa, ambako kuna uamuzi wa ghafla, na kuzama, ambako kuna kusahau mengine yote. "He plunged into his work after the funeral" nitaandika "Baada ya mazishi alijitosa kazini". Mwezi mmoja baadaye, akiwa hasikii hata anayemwita, ndipo atakuwa "amezama kazini".

Hatua ya tatu: kama ni tarakimu, pima kwanza

Bei, thamani ya fedha, mauzo, umaarufu na kura hazina mdomo wala mkono. Neno lake ni poromoka. "Cashew prices plunge" kwenye kichwa cha habari ni "Bei ya korosho yaporomoka". Tazama hiyo "ya-" mwanzoni mwa kitenzi: vichwa vya habari vya Kiswahili hupenda wakati huo, kama Kiingereza kinavyopenda wakati wake uliopo. Ndani ya habari, rudi kwenye "imeporomoka" au "iliporomoka".

Lakini pima kabla ya kuandika. Waandishi wa Kiingereza hulitumia "plunge" kwa ukarimu mno. Tuseme korosho ilikuwa shilingi 3,000 kwa kilo mnadani wiki iliyopita, leo ni 2,900. Hiyo imeshuka, tena kidogo. Ikiwa 1,800, hapo imeshuka kwa asilimia 40, na poromoka ni halali yake. Mahali ambapo korosho ndiyo ada ya shule na bati la nyumba, kitenzi kikali kisichostahili kinaweza kumfanya mtu auze kwa hofu. Msimu wa 2018 haujasahaulika huku: wakulima walikataa kuuza kwa bei zilizotolewa minadani, na Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Watu waliopita hapo wanasikiliza habari za bei kwa sikio la peke yake.

Kisha angalia "by" na "to". Hapa ndipo wengi huteleza, na tofauti yake ni pesa. "Plunged by 40 per cent" ni "imeporomoka kwa asilimia 40". "Plunged to 40 per cent" ni "imeporomoka hadi asilimia 40". Ukikuta vyote viwili kwenye sentensi moja, andika "kwa" kwanza, "hadi" baadaye, msomaji asije akatafuta kikokotoo.

Mfano mkubwa wa miaka ya karibuni: tarehe 20 Aprili 2020, watu wakiwa majumbani kwa sababu ya korona na matangi ya kuhifadhia yamejaa, bei ya mikataba ya mafuta ghafi ya Marekani ilikwenda chini ya sifuri, ikafungia dola 37.63 hasi kwa pipa. Yaani muuzaji anamlipa mnunuzi amwondolee mzigo. Hapo "plunge" la Kiingereza lilistahili kila herufi, na Kiswahili chake ni "bei iliporomoka hadi chini ya sifuri".

Joto ni kesi ndogo. "Temperatures plunged" ikigeuzwa "joto limeporomoka" inaeleweka, ila haisikiki kama inatoka kinywani mwa mtu. Watu husema baridi imeingia ghafla, au joto limeshuka ghafla.

Ile habari ya korosho niliirekebisha, kwa taarifa yako. Nilimsomea mzee wangu toleo jipya, "Bei ya korosho yaporomoka." Akafikiri, akasema: "Hiyo sasa ni Kiswahili. Lakini ile ya kisimani ilikuwa afadhali, tungeiopoa."

Hatua ya nne: anayetumbukiza kwa mkono

"Plunge" ikiwa na kitu baada yake, maana yake kuna mtu anayekiingiza. Kiswahili kina ngazi tatu hapa, na wapishi wanazijua kuliko wasomi. Kuchovya ni kuingiza na kutoa, kama kipande cha muhogo kwenye pilipili. Kutumbukiza ni kuingiza na kuachia. Kuzamisha ni kuhakikisha kitu kimefunikwa chote. Mapishi yakisema "Plunge the octopus into boiling water", swali ni kama pweza anabaki ndani. Anabaki, basi "mtumbukize pweza kwenye maji yanayochemka". Kuna wanaomchovya mara mbili tatu kwanza ili mikia ijikunje, na hao wana kitenzi chao tayari. Mhunzi naye "plunges" chuma chekundu majini: anakitumbukiza, na ule mlio wa chuma kikilia majini usiusahau kama unatafsiri hadithi, maana nusu ya sentensi ya Kiingereza iko kwenye mlio ambao hawakuuandika.

Kisu ni "alimchoma kisu" au, kama mwandishi amekaza, "alimzamishia kisu". "Alimtumbukizia kisu" inachekesha, na mauaji si mahali pa kuchekesha.

Giza, vita, madeni, na neno tulilobahatika kuwa nalo

Matumizi ya mafumbo hayahitaji hatua mpya, yanahitaji sikio. "The country was plunged into war" ni "nchi ilitumbukizwa vitani", na inakubalika kwa sababu vita tunaviona kama shimo. Madeni na umaskini vilevile. Hapa watu wa upande wetu tuna utani wa bure: lindi, kwa herufi ndogo, ni shimo refu lenye kina, na Kiswahili sanifu kina usemi wa kutumbukia kwenye lindi la umaskini au lindi la mawazo. Rafiki yangu wa Lindi, mkoa, kila akiusoma usemi huo gazetini hunipigia simu kuuliza kama nimewaona wanavyomsema. Utani kando, "plunged into poverty" haijapata tafsiri nzuri kuliko hiyo, kwa sababu ina kina ambacho "kuingia kwenye umaskini" haina.

Giza ni tofauti. "The town was plunged into darkness" watu huandika "mji ulitumbukizwa gizani", na mimi naisahihisha kila mara. Giza halitumezi kutoka chini. Linatufunika kutoka juu. Mji hugubikwa na giza, au giza hutanda. Na kama sababu ni umeme, sema tu umeme ulikatika, mji mzima ukawa giza. Yeyote aliyeishi Mtwara anaweza kuimalizia sentensi hiyo mwenyewe.

Hatua ya tano: "take the plunge"

Usiandike "kuchukua mbizi". Naomba.

Usemi huu ni wa mtu aliyesitasita muda mrefu, kisha akaamua. Kiswahili kimejaa maneno ya hali hiyo, na kila moja lina rangi yake. Kukata shauri ni kwa utulivu. Kupiga moyo konde ni kwa aliyekuwa na hofu. Kujitosa ni kwa anayejua kuna hatari. "Liwalo na liwe" ni la kinywani, linafaa mhusika anaposema mwenyewe. Kama habari inahusu ndoa, na mara nyingi kwa Kiingereza inahusu ndoa, "They finally took the plunge" ni "Hatimaye wamefunga pingu za maisha", na utaona sisi hatukuona mtu akiruka majini, tuliona pingu. Ukihitaji methali kwa aliyekwisha kuanza na sasa anataka kurudi nyuma, unayo: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini hiyo ni ya baada ya uamuzi. Usimwekee mtu ambaye bado amesimama ufukweni na shati lake.

Vya pembeni, kwa haraka

Chombo baharini kinaweza "plunge" wakati wa upepo wa kusi, omo, yaani sehemu yake ya mbele, ikiingia kwenye wimbi na kuibuka: "omo ilizama kwenye wimbi", au kwa jumla "chombo kilisukwasukwa". Mcheza kamari anaye-"plunge" ameweka fedha nyingi kwa mkupuo, na vijana wa mikeka watakuambia "kaweka zote". "Plunge pool" ya hotelini ni kidimbwi cha kujitosa. Ile ya jiografia ni dimbwi lililochimbwa na maji chini ya maporomoko. Gauni lenye "plunging neckline" ni gauni lililokatwa shingo hadi kifuani, na fundi cherehani yeyote atakuelewa bila kutabasamu, isipokuwa kama unalipeleka wewe mwanamume.

Ndugu zake

"Plummet" halina hiari kamwe. Mtu anaweza ku-"plunge" kwa kutaka, lakini anaye-"plummet" anaanguka kama jiwe. Kwa bei yote mawili ni poromoka. "Dive" ni kichwa kwanza na kwa ustadi, kupiga mbizi. "Swoop" ni la mwewe: anamshukia kifaranga, na Kiswahili kimekipa kitenzi shuka kiambishi chenye kulenga, "-ia", kikawa shukia. "Slump" ni kushuka sana, mara nyingi kwa ghafla, au kuwa katika hali ya chini. Uchumi unaodorora au kuzorota ndio wake, na mtu aliyechoka anayejibwaga kitini. 

Zoezi

Funika tafsiri kwa kiganja, ujaribu kwanza, kisha uangalie.

"The child plunged his hand into the jar." Mtungi una mdomo, mtoto ana hiari, kitu ni mkono: "Mtoto alitumbukiza mkono mtungini."

"The president's popularity plunged." Tarakimu: "Umaarufu wa rais uliporomoka."

"The path plunges to the river." Ardhi, hakuna kinachosogea: "Njia inateremka kwa ghafla hadi mtoni."

"Two fishermen plunged in to save the boy." Hiari, tena ya ushujaa: "Wavuvi wawili walijitosa majini kumwokoa kijana." Ukiandika walitumbukia, umewageuza waokoaji kuwa waathirika, na kuokoa sasa ni kazi ya nani?

"A woman plunged from the fourth floor." Rudi hatua ya pili. "Mwanamke alianguka kutoka ghorofa ya nne", hadi habari ikuambie zaidi.

"The plumber reached for his plunger." Hii naipenda. Kwa Kiingereza risasi imo mara mbili, kwenye jina la fundi na kwenye kifaa chake, ingawa mikononi mwake hamna risasi hata chembe. Kwa Kiswahili: "Fundi bomba akachukua mpira wake wa kuzibulia."